Ufunguo Mfukoni mwa Baba Mkwe

Kemambo, Tarime
5 Aprili 2024

Mama Tabitha,

Salamu kwako, kwa mjukuu wangu, na kwa mama yako na mguu wake. Mimi ni mzima, ng'ombe ni wazima, na mvua inanyesha mpaka tumeichoka.

Emanueli alinipigia kutoka machimboni Kerende akasema nikupigie simu, kwamba siku hizi hakuna mtu anayeandika barua. Nikamwambia baba mkwe hampigii simu mke wa mwanawe hivi hivi. Nitajuaje uko wapi unapoipokea? Labda unaoga. Labda umejilaza. Barua ina adabu, inasubiri mpaka mtu ajifunge kanga yake vizuri na kukaa mahali panapoeleweka, ndipo aifungue. Kwa hiyo nitaandika, na Athanas atazileta, maana pikipiki yake haikauki barabara ya Ringwani akitafuta mbuzi wa kununua.

Habari yenyewe ni ya paka. Yule wako uliyempa jina la mji wa mpakani, Sirari, amezaa. Nilikuuliza wakati ule kwa nini Sirari, ukasema kwa sababu paka huyu hajui mpaka, anaingia nyumba ya kila mtu kama yake. Basi safari hii ameingia kwako. Amepitia kile kidirisha cha chumbani ulichoacha wazi, akajichagulia chini ya kitanda. Shemeji Rhobi ndiye aliyeingia kufagia akawaona kwa tochi. Anasema ni watatu, mmoja mweusi, mmoja mwekundu, na mmoja wa rangi ya majivu ambaye ni mdogo kuliko wenzake na ana kelele kuliko wenzake.

Mimi si mtu wa paka, unajua. Nakuandikia kwa sababu mjukuu wangu aliondoka akilia kwamba paka atazaa yeye hayupo.

Emanueli bado yuko shimoni. Watu wa mashimo hawana Jumapili.

Elia Nyangwine


Ringwani, Serengeti
8 Aprili 2024

Baba, shikamoo.

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya mbuzi wa Athanas, lakini tumeipokea kwa mikono miwili. Tabitha ameibusu. Aliponiona nasoma akataka nimsomee pale penye paka tu, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka Sospeter kaka yangu akatoka nje na chakula chake.

Mama anaendelea. Mguu umefungwa, daktari amesema asikanyage chini, naye anaamrisha jiko zima akiwa kitandani. Alipoteleza kwenye matope alikuwa amebeba ndoo ya maji, na mpaka leo anasikitikia ndoo kuliko mguu. Sitaweza kurudi mwezi huu.

Tabitha amewapa majina. Mweusi ni Karanga, mwekundu ni Maandazi, na wa majivu ni Uji. Anasema Uji ndiye wake, wale wawili atakugawia wewe. Amenituma nikuombe kitu, nami naandika kama alivyosema: "Babu aende awashike, aniambie kama wana meno."

Nenda basi, Baba. Ufunguo uko kwa mama mdogo Rhobi. Ingia tu, hapo ni kwako. Miaka mitano sasa nakukaribisha na kila mara unasema umesimama kidogo tu, unapita. Safari hii mimi sipo, huna haja ya kuogopa kwamba nitakulisha.

Mkweo,
Hilaria


Kemambo
13 Aprili 2024

Mama Tabitha,

Natumaini mama yako anaendelea vizuri. Mvua haijapungua. Mahindi ya shamba la juu yamesimama, ya bondeni yamelala chini yote. Yule ng'ombe mwenye pembe moja ana kikohozi. Shemeji Rhobi amefiwa na kaka yake upande wa Kenya, kwa hiyo Alhamisi wanawake wote wa mji huu na wa majirani walipanda lori kwenda msibani, na mpaka leo hawajarudi. Tumebaki wazee na mbwa. Sijui hata ni saa ngapi ninapoandika, kwa sababu ile saa yangu niliyopewa nilipostaafu imepotea.

Emanueli alikuja Jumatano, walipewa mapumziko ya Idi. Alilala nusu ya siku, akala, akarudi Kerende. Kabla ya kuondoka alifunga kile kidirisha kwa komeo la ndani ili mvua isikulowanishie godoro. Hakujua kuna watoto chini ya kitanda, hakuna aliyekuwa amemwambia. Na Sirari alikuwa nje akiwinda.

Karanga na Maandazi hawapo tena. Nimewazika nyuma ya zizi na kuweka mawe juu ili mbwa wasifukue. Uji yupo. Yuko hapa nyumbani kwangu ndani ya kofia yangu ya sufu, karibu na moto.

Usimwambie mtoto kwa ghafla. Mtafutie siku ambayo ameshiba.

Elia Nyangwine


Ringwani
15 Aprili 2024

Baba, shikamoo.

Nilikaa na barua yako siku nzima kabla ya kushika kalamu, nikidhani hasira itapoa. Haijapoa.

Emanueli alikuja hapa jana kumwona mama. Alikuwa amezungumza na mama mdogo Rhobi kwa simu kutoka huko msibani. Mama mdogo alimwambia kwamba kabla ya kupanda lori alikupa wewe ufunguo wa nyumba yangu, mkononi. Kwa hiyo wakati wale watoto wanalia ndani na mama yao analia nje, ufunguo ulikuwa mfukoni mwako. Barua yako ina mahindi, ina ng'ombe mwenye kikohozi, ina hata saa iliyopotea. Hilo la ufunguo haina.

Uliwasikia, Baba. Nyumba yako na yangu hazitengani hata kwa uwanja wa kuanikia mtama. Uliwasikia ukakaa.

Sasa nitasema na lile jingine, kwa sababu likibaki moyoni litaniozesha. Tangu nimeolewa hujawahi kuvuka mlango wangu. Nikipika, unasema uletewe nje. Mvua ikinyesha unasimama chini ya bati la baraza, mabega yanalowa, na mimi niko ndani na kiti kitupu. Nilimuuliza Emanueli akasema mzee ndivyo alivyo, nikaacha kuuliza. Lakini nilikuwa najijibu mwenyewe. Mimi nilikulia kambini machimboni, watu sita chumba kimoja, tumegawanywa na pazia la kanga. Sina ukoo hapa Mara. Kila siku nakusikia ukisema "watu wa mashimo, watu wa mashimo," na watu wa mashimo ndio sisi, mimi na mama yangu na kaka yangu. Nilijiambia, huyu mzee anaona nyumba yangu ni chafu kwake. Sasa Emanueli anasema ana hakika hata siku ile hukuvuka mlango, nami naona hata watoto wa paka hawakutosha kumwingiza.

Mama anasema nibaki mpaka mavuno. Mimi nafikiria kubaki zaidi ya mavuno. Emanueli nimemwambia, ameondoka kichwa chini.

Tabitha sijamwambia. Anauliza kama wameshafumbua macho.

Na huyu mmoja ulimpataje, kama nyumba imefungwa na hukuingia?

Hilaria


Kemambo
16 Aprili 2024

Mama Tabitha,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama pale pale Athanas aliponipa. Nikatafuta kigoda, nikakaa, nikaisoma tena.

Ni kweli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Rhobi alinipa akasema, "Mpe mwanamke yeyote atakayebaki." Hakubaki hata mmoja.

Niliwasikia kuanzia asubuhi ile ya lori. Sirari alikuwa anazunguka nyumba yako, anapanda dirishani, anashuka, anakuja kunitazama usoni, anarudi. Nilimpigia Emanueli nikamsikia yule dada wa mtandao tu. Nikaenda kwa jirani, nikamkuta mzee mwenzangu. Vijana wote, ambao wangeweza kuingia nyumba ya rika lao bila neno, wako machimboni. Nikatoka barabarani kusubiri mwanamke apite. Wa kwanza alikuwa muuza dagaa, simjui. Nikamwambia, mama, nakuomba, huu hapa ufunguo, ingia nyumba ile, chumbani, chini ya kitanda kuna kitu nakihitaji. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. Akajitwisha beseni lake akaondoka kwa kasi kubwa kuliko aliyokuja nayo. Wa pili alinitukana. Wa tatu alikuwa kikongwe ambaye hata kuinama hawezi. Giza likaingia, na kesho yake ikawa hivyo hivyo, mvua juu.

Mama Tabitha, sikuingia kwa sababu siwezi. Sisemi sitaki, nasema siwezi. Kwetu mke wa mwana tunamwita mokamona, na hakuna mtu katika mji ambaye mzee anamheshimu kama huyo. Nyumba yako nilisaidia kuijenga, nilikanyaga udongo wake, nilipanda juu kupigilia bati. Ile siku ulipolala ndani yake mara ya kwanza, ikafungwa kwangu. Nikikiona kitanda chako ni kama nimekuvua nguo mbele za watu. Baba yangu hakuwahi kuingia kwangu mpaka tulipomzika. Mke wangu, bibi ambaye Tabitha amerithi jina lake, alikuwa anamwekea chakula nje kwenye jiwe, anageuka, na mzee anakuja kula akitazama zizi. Walipendana sana wale wawili. Alipokufa baba yangu, aliyelia kuliko wote ni yeye.

Nilidhani Emanueli alikueleza. Nadhani naye alidhani unajua, kwa sababu kwetu hili halifundishwi, mtu anakua nalo. Na ulipokuwa unanikaribisha kila siku nilisema moyoni, huyu binti ni mkarimu mpaka anasahau mila. Kumbe ulikuwa unaumia. Nimekuumiza miaka mitano nikidhani nakuheshimu, na hilo limenikosesha usingizi kuliko paka.

Kuhusu watu wa mashimo, mdomo wangu umezeeka vibaya. Nina hasira na machimbo kwa sababu yamenichukulia mwanangu, siyo kwa sababu ya mama yako. Neno hilo sitalisema tena.

Sasa Uji. Ninampa maziwa ya mbuzi niliyoyachemsha na kuongeza maji, nachovya kitambaa, ananyonya kama anagombana nacho. Lakini kuna jambo hakuna aliyeniambia. Mtoto wa paka hawezi hata kukojoa mpaka mama yake amlambe. Tumbo lilimvimba nikadhani anakufa. Daktari wa mifugo ndiye aliyeniambia nichukue pamba ya maji ya uvuguvugu nimpanguse huko chini. Kwa hiyo mimi, niliyekuwa mwalimu mkuu, niliyekaa vikao vya ukoo, nampangusa paka makalio kila akimaliza kula. Usimwambie Sospeter.

Sirari anakuja, anamnusa, anamfokea, anaondoka. Nadhani ni harufu ya tumbaku yangu. Maziwa yake yanapungua, na akikauka kabisa sijui kama mimi peke yangu nitamfikisha huyu mtoto.

Nina ombi, na naliandika nikiona haya mpaka masikioni. Rhobi aliniambia paka huyu alizoea kulala juu ya kanga yako moja ya zamani. Kama hiyo kanga unayo huko, naomba kipande. Usikifue.

Elia Nyangwine


Ringwani
18 Aprili 2024

Baba, shikamoo.

Kanga ndiyo hiyo, nzima. Nilikuwa naitumia kumbebea Tabitha nilipokuja huku, ina jasho langu, ina maziwa ya mtoto, ina manyoya ya Sirari ambayo hayatoki hata kwa sabuni. Nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni ili Athanas asiitie harufu ya mbuzi.

Nilimsomea mama barua yako. Nilianza kwa hasira, nikitaka anisaidie kukasirika. Nilipofika kwa muuza dagaa mama alianza kucheka, na kwa mguu ule kucheka kunamuuma, kwa hiyo alikuwa anacheka na kulia pamoja. Akaniambia, "Hilaria, mwanamume anayesimama kwenye mvua kutafuta mwanamke wa kumfungulia mlango ambao ufunguo wake anao, halafu unasema hakuheshimu?" Akasema wakwe wa kambini kwetu walikuwa wanaingia bila hodi na kufunua sufuria.

Nimewaza sana juu ya ile picha ya baba yako akila huku anatazama zizi. Hakuna aliyenionyesha, Baba. Mnadhani mtu anaingia katika ukoo na kujua kila kitu kwa kuangalia. Mimi niliangalia nikaona mgongo wako tu.

Nimemwambia Tabitha, siku aliposhiba kama ulivyosema. Aliuliza wamezikwa wapi. Nikamwambia nyuma ya zizi, Babu ameweka mawe. Akauliza, mawe makubwa? Nikasema ndiyo. Akaendelea kucheza. Jioni alikataa kula maandazi.

Bado nina huzuni. Na la kubaki huku sijaliamua, sitaki kukudanganya. Ila sasa nikiwaza nyumbani sioni tena mlango ule kama nilivyokuwa nauona.

Hujanijibu: Uji ulimpataje?

Mkweo,
Hilaria


Kemambo
20 Aprili 2024

Mama Tabitha,

Nilitandika kanga yako kwenye boksi, nikamfunika Uji kwa pindo lake, nikaenda kukaa mbali, nimejipaka majivu mikononi ili tumbaku isinuke. Sirari alikuja. Alisimama kwenye kizingiti cha nyumba yangu muda mrefu. Yeye ambaye hajui mpaka, safari hii alipiga hodi.

Akaingia, akanusa kanga. Akaikanyaga kanyaga kwa miguu ya mbele, vile wanavyofanya. Akalala juu yake. Uji akaanza kelele zake, akijiburuta kwenye kitambaa bila kujua anakokwenda, na sikuthubutu kumsaidia. Alipofika tumboni Sirari aliinua kichwa nikadhani atamfokea. Akaanza kumlamba. Alimlamba kuanzia pua mpaka mkia, na yale makalio yaliyonitesa aliyamaliza kwa ulimi mara mbili.

Nililia. Sijalia tangu kumzika mke wangu. Nakuandikia kwa sababu uko mbali na hunioni.

Maziwa ni kidogo, kwa hiyo tunasaidiana, yeye anampa yake na mimi nampa ya mbuzi. Jicho moja limefumbuka lote, jingine nusu. Meno bado. Mwambie mjukuu wangu.

Lile swali lako nitalijibu ukirudi. Kama utarudi. Sikulazimishi, mama yako anakuhitaji na wewe ni mtu mzima. Ila nitasema hili mara moja, nisije nikajilaumu kwamba sikulisema: mji huu umekuwa mkubwa mno bila nyinyi. Asubuhi natoka nje nasikiliza kama kuna mtu anagombana na kuni zenye maji, na hakuna. Rudi nyumbani, mwanangu.

Elia Nyangwine


Kemambo
26 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Usishangae kupewa barua na mama mdogo Rhobi wakati mimi niko hapa hapa uani. Mama ameanza kukanyaga chini, nami nimerudi. Jana tuliposhuka kwenye pikipiki ulimbeba Tabitha, ulinisalimia ukitazama chini, halafu ukakumbuka ghafla kwamba kuna ng'ombe wa kuangalia. Uliangalia ng'ombe mpaka tukalala. Nikajua kuna jambo.

Baba mkwe wangu, saa yako nimeikuta chini ya kitanda changu.

Sentensi hiyo ikianguka mikononi mwa mtu mwingine, mimi na wewe tutaitwa kikao cha ukoo. Kwa hiyo nimeandika peke yangu, mlango nimefunga.

Nilianza kufagia. Nikavuta kitanda, nikaona mabonge ya udongo sakafuni, nikadhani ni mchwa. Kisha nikaona tundu. Liko chini kabisa ukutani, upande wa nyuma, mkono unapita mpaka begani. Nje umeliziba kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, umelisawazisha vizuri mpaka mtu akipita haoni kitu. Ndani hukuliziba, kwa sababu ungelizibaje? Limebaki wazi na kingo zake za tofali zilizovunjika, na kwenye ukingo mmoja kuna alama nyeusi iliyokauka ambayo nimeifuta kwa maji ikatoa rangi ya damu. Saa ilikuwa hapo chini, mkanda umekatika. Imesimama.

Nikaenda stoo. Nikaikuta ile patasi ndefu ya Emanueli ya kuchimbia mwamba, ile wanayoiita moko, ina vumbi jekundu la tofali zetu.

Ulikuwa na ufunguo mfukoni ukatoboa ukuta.

Nilikaa sakafuni, Baba, nimeshika saa yako. Tabitha akaja akauliza kwa nini Mama analia, nikamwambia Babu amechimba shimo. Akasema, "Babu naye ni mtu wa mashimo?" Ndiyo, nikamwambia. Babu yako naye ni mtu wa mashimo, ametoa kitu chake chini ya ardhi kama wenzake.

Kwa nini hukuniambia? Wakati nakuandikia maneno yale makali ungeweza kunijibu kwa mstari mmoja na kunifunga mdomo.

Sasa nisikilize, maana hii ni nyumba yangu na humu ndani nasema mimi. Mlangoni hutaingia, nimeelewa, na sitakukaribisha tena mpaka nikuaibishe. Lakini tundu si mlango. Nimemwambia Emanueli kwa simu asilete udongo, alete mbao nne na bawaba. Hapo nje ukiweka kigoda chako, ukageuza mgongo kwangu na uso kwa zizi, tundu linakuja sawa na kiwiko chako. Kila jioni nitakupitishia chai hapo. Wewe hutaniona, mimi sitakuona, na kama kuna neno tutaambiana, kwa sababu mimi na wewe tumekwisha kuzoea kusema bila kutazamana. Mchana paka watapita.

Ule udongo wako wa nje nimeusukuma leo asubuhi kwa mpini wa ufagio. Umeanguka wote. Samahani, ulikuwa umeusawazisha vizuri.

Chai ya leo nitaitoa jua likishuka. Keti.

Mwanao,
Hilaria


Kemambo
26 Mei 2024, jioni

Hilaria mwanangu,

Sikutazama. Hilo nataka ulijue kwanza kabla ya yote. Nilipomaliza kutoboa nililala chini kwenye matope, nikageuza uso upande wa zizi, nikafumba na macho, nikapitisha mkono tu. Nilipapasa. Wa kwanza alikuwa wa baridi. Wa pili alikuwa wa baridi. Nilitaka kuutoa mkono, tofali limenikata, saa imekatika, nikasema basi, Elia, umechelewa. Kitu kikaniuma kidole kwa ufizi mtupu.

Sikukuambia kwa sababu nilichelewa. Ungenishukuru kwa mmoja, na mimi najua kwamba nilitembea barabarani na ufunguo mpaka wawili wakafa, ndipo nikakumbuka kwamba ukuta si mlango. Ningekumbuka siku ya kwanza wangekuwa watatu. Kwa hiyo nilizika, nikaziba, nikanyamaza. Sasa umezibua na umeniona, na bado umenipikia. Nimefurahi umerudi.

Nimekaa kwenye kigoda kama ulivyoagiza. Kwanza alitoka Sirari, hakunisalimu. Akafuata Uji na mkia wake juu, ameota meno, amenionyesha kwenye kidole kile kile. Kisha ukatoka mkono mdogo peke yake, umejaa masizi, unapapasa hewani. Nikaweka mkono wangu. Ukaushika ukasema, "Babu, ni wewe?" Nikasema ni mimi. Hatukuachana mpaka chai ilipoanza kupoa.

Saa uliyonirudishia nimeitia ufunguo, inatembea.

Kesho ongeza sukari.

Baba yako